Kutoka Mbeba Sanduku Hadi Mwenye Shahada

Katika dari ya kanisa la St Thomas, mtaa wa Southwark jijini London, kuna chumba cha upasuaji kilichojengwa mwaka 1822 kwa ajili ya wagonjwa wanawake, kikatumika hadi mwaka 1862. Leo ni makumbusho. Katikati ipo meza ya mbao, nayo imezungukwa na ngazi ambako wanafunzi walisimama wakibanana wapate kuona. Chini ya meza liliwekwa sanduku lenye unga wa mbao wa kufyonza damu, na msaidizi alilisogeza kwa mguu kufuata upande ambao damu ilitiririkia. Aliyekaa karibu zaidi na mpasuaji alikuwa dresa, yaani mwanafunzi wa udaktari aliyelipa ada ili apate nafasi ya kufunga vidonda na kujifunza kwa mkuu wake. Pamoja naye alikuwepo mtumishi mwingine ambaye hakulipa ada wala hakutarajia kuwa daktari: wa kubeba sanduku la visu na misumeno, kufuta meza, na kumbana mgonjwa mabega kisu kilipoingia. Dresa alikuwa na njia ya kupanda iliyojulikana. Mbeba sanduku hakuwa na shule wala mtihani, na hata jina la kazi yake lilibadilika kutoka hospitali moja hadi nyingine. Ilipita karibu miaka 150 kabla serikali ya Uingereza haijakaa kuuliza huyu mtu afundishwe nini, na nani amfundishe.

Maelezo yanayotolewa kwa kawaida kuhusu safari hiyo ni mepesi: upasuaji ulikua, kazi ikawa ngumu, mafunzo yakafuata. Sikubaliani nayo, kwa sababu tarehe zinayakataa. Kazi ilikuwa imeshakuwa ngumu miongo mingi kabla ya kuwepo darasa lolote, na wasaidizi waliifanya, wengi wao vizuri. Walichokikosa ni karatasi ambayo mtu asiyewafahamu angeisoma akaiamini, pamoja na mahali pa kusimama pale jambo linapoharibika, walaumiwe kwa haki au wasikilizwe kwa haki. Haja hiyo ya uwajibikaji ndiyo iliyoleta mafunzo rasmi, na maarifa yalipata ratiba na mitihani kwa mgongo wake.

Tuanze na etha, dawa ya usingizi. Tarehe 21 Desemba 1846, katika hospitali ya University College, Robert Liston alimkata mguu Frederick Churchill akiwa amelazwa kwa dawa hiyo, na mguu ukatoka katika muda usiofika nusu dakika. Kuanzia hapo wenye mikono ya nguvu walianza kukosa kazi, na kazi nyingine ikazaliwa bila mwenyewe: kumwangalia aliyelala. Miezi 13 baadaye, tarehe 28 Januari 1848, Hannah Greener, msichana wa miaka 15 aliyeishi karibu na Newcastle, alifariki akipewa klorofomu ili ang'olewe ukucha wa kidole cha mguu. Hakuna mtu anayekufa kwa kung'olewa ukucha. Usingizi ndio uliomuua. Uingereza ilijifunza kutokana na vifo vya namna hiyo kwamba dawa ya usingizi iwe mkononi mwa daktari, uamuzi wenye maana yake. Lakini aliyemwandalia daktari huyo kinyago, mpira na mtungi hakuna aliyemtaja. Hali ikawa hiyo hiyo upande wa vyombo. Joseph Lister alipochapisha maandiko yake kuhusu asidi ya kaboliki mwaka 1867, na baadaye Wajerumani walipoleta utakasaji kwa mvuke, visu vilivyokuwa vikipanguswa kwa kitambaa vikawekewa kiwango cha joto na muda. Mchemsha vyombo akawa ameshika uhai wa mgonjwa sawasawa na mkataji, ila mshahara wake na heshima yake vikabaki vya mchemsha maji. Hata glavu, ambazo leo ndizo alama ya mpasuaji, asili yake ni shida ya msaidizi: katika majira ya baridi ya 1889 kuingia 1890 huko Baltimore, ngozi ya nesi Caroline Hampton iliharibiwa na dawa ya kuulia vijidudu, na mpasuaji William Halsted akaagiza kiwandani glavu nyembamba za mpira za kumkinga. Wasaidizi walizivaa kwanza. Wapasuaji walikuja kuzizoea miaka kadhaa baadaye.

Karne ya 20 ilileta mashine, na mashine haikubali kuangaliwa na mtu mmoja. Edmund Boyle alitoa mashine yake ya gesi mwaka 1917. Vita Kuu ya Kwanza ilirudisha vijana wenye nyuso zilizosagwa na vyuma, na katika kuzirekebisha pale Sidcup, Ivan Magill aliendeleza ufundi wa kupitisha mpira wa hewa hadi kwenye koo la pumzi. Januari 1942 huko Montreal, Harold Griffith alitumia kurare, sumu ya mishale ya Waindio wa Amerika Kusini, kulegeza misuli ya mgonjwa. Baada ya hapo mgonjwa angeweza kufanywa asipumue kwa makusudi, na uhai wake ukategemea mpira, mfuko na mtu wa kuukamua. Jeshi ndilo lililoelewa mapema zaidi maana ya mabadiliko haya. Hospitali ya vitani haina anasa ya kusubiri mtu azoee kazi kwa miaka 10 chini ya bwana mkubwa mmoja. Inataka askari wa tiba anayeweza kutolewa kambi hii akapelekwa ile na kuanza kazi siku hiyo hiyo. Ndiyo maana majeshi ya Uingereza na Marekani yalikuwa na kozi za wasaidizi wa chumba cha upasuaji wakati hospitali za raia zilikuwa bado zinategemea kuokota ujuzi. Vita ya Pili ilipokwisha, watu hawa walirudi uraiani na mikono yenye ujuzi mwingi na mfukoni bila kitu ambacho ofisi ya ajira ingekitambua. Mwaka 1945 mafundi wa vyumba vya upasuaji wa Uingereza waliunda chama chao. Madai yao makubwa yalikuwa mafunzo na cheti, jambo linalostahili kuangaliwa vizuri: watu waliokwisha kuijua kazi ndio waliokuwa wakiomba wafundishwe.

Sababu ya ombi lao inaonekana wazi katika kisa cha Chesterfield. Tarehe 13 Oktoba 1947, katika hospitali ya mji huo, wagonjwa wawili, Cecil Roe na Albert Woolley, walichomwa sindano ya ganzi ya uti wa mgongo kwa operesheni ndogo ndogo. Wote wawili walibaki wamepooza miguu. Kesi ilisikilizwa mwaka 1953, rufaa ikaamuliwa mwaka uliofuata, na Jaji Denning akaandika hukumu ambayo wanafunzi wa sheria wangali wanaisoma, kwamba ajali ya 1947 isipimwe kwa macho ya 1954. Mahakama ilikubali maelezo kwamba vichupa vya dawa, vilivyolowekwa katika fenoli ili vitakasike kwa nje, vilikuwa na nyufa zisizoonekana, na fenoli ikapenya ndani. Walalamikaji wakashindwa. Mwaka 1990 ndipo uchambuzi mpya wa kitaalamu ulipoonyesha jambo lililo karibu zaidi na akili: huenda chombo cha kuchemshia sindano kilikuwa kimesafishwa utando wa chokaa kwa tindikali, na tindikali hiyo ikabaki katika maji. Yaani chanzo kilichokaribia ukweli kilikuwa kwenye sufuria, na kesi nzima ilipita juu yake ikishughulika na vioo. Kuwalaumu watumishi wa siku ile hakuna haki, kwa kuwa hakuna aliyewafundisha kemia ya sufuria wala kuwapa daftari la kuandika nani amesafisha nini na lini. Hilo hasa ndilo tatizo. Palipo na kazi isiyo na mafunzo yaliyoandikwa, kosa halina mlango wa kuingilia kulitafuta.

Mfano mwingine ni wa mwaka 1961, Brian Sellick alipoeleza namna ya kuzuia matapishi yasiingie mapafuni mgonjwa anapolazwa usingizi kwa haraka: msaidizi abonyeze gegedu la shingo kwa vidole, aendelee kushikilia hadi mpira wa hewa uwe umekaa mahali pake. Ni maelekezo ya mistari michache. Lakini soma tena nani anayebonyeza. Daktari wa usingizi ana mikono miwili, na yote ina kazi. Vidole vinavyoziba njia ya matapishi ni vya mtu mwingine. Akibonyeza pungufu mgonjwa anaweza kuvuta matapishi mapafuni, akizidisha atapotosha njia ya hewa. Mwaka ule, katika hospitali nyingi za Uingereza, mtu huyo hakuwa na chochote cha kuthibitisha kwamba aliwahi kufundishwa kubonyeza.

Hatimaye serikali ya Uingereza iliuliza: tume iliyoongozwa na mpasuaji wa ubongo Walpole Lewin ilitoa ripoti yake mwaka 1970. Ilipendekeza kada moja ya wasaidizi wa idara ya upasuaji, wenye mafunzo ya miaka 2 na mtihani wa kitaifa, mahali pa vyeo vya kubahatisha vilivyorithiwa tangu enzi za mbeba sanduku. Mafunzo yaliyofuata yaligusa sehemu tatu: usingizi, upasuaji wenyewe, na chumba cha kuamkia. Anayetaka kujua yalikuwa na uzito gani atazame asubuhi ya mwanafunzi. Kabla mgonjwa wa kwanza hajaitwa, anafungua mtungi wa oksijeni na kusoma geji, anajaribu mashine ya kufyonza kwa kuziba mpira kwa kidole, anawasha taa ya chombo cha kutazamia koo, anapanga mipira ya hewa kwa ukubwa, na kuweka karibu ule mdogo ambao anaomba usihitajike. Upande wa pili wa chumba, shashi zinahesabiwa tano tano, kila fungu limefungwa uzi mwekundu, na nyuzi hizo hazitupwi kwa sababu nazo ni hesabu. Zikiingia shashi 15 na nyuzi 3, mwishoni lazima zionekane shashi 15 na nyuzi 3. Ikipungua moja, tumbo halifungwi. Hapo ndipo cheti kinapofanya kazi yake: mtu wa cheo cha chini anamwambia profesa mwenye uzi mkononi asimame kwanza, na profesa anasimama kwa kuwa hesabu ile ni ya taratibu, haikutungwa na kijana msumbufu. Baadaye mafunzo yalihamia vyuo vikuu kwa ngazi ya diploma, na mwaka 2004 kada hiyo iliingizwa katika daftari la serikali la taaluma za afya, jina lake likilindwa kisheria. Siku hizi shahada ndiyo njia ya kawaida ya kuingilia.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja yangu lina jina la mtu, nalo ni zito. Vivien Thomas, kijana Mweusi wa Nashville, alitaka kusomea udaktari lakini mdororo wa uchumi ulimaliza akiba yake. Mwaka 1930 aliajiriwa katika maabara ya mpasuaji Alfred Blalock, akawekwa katika daraja la mfagizi na kulipwa hivyo. Ndiye aliyefanya majaribio kwa mbwa hadi ikajulikana namna ya kuunganisha mishipa ya watoto waliozaliwa na moyo wenye kasoro, wale wanaogeuka rangi ya buluu. Tarehe 29 Novemba 1944, katika hospitali ya Johns Hopkins, Blalock alipomfanyia operesheni mtoto Eileen Saxon, Thomas alisimama kwenye kigoda nyuma ya bega lake akimwelekeza. Hakuwa na shahada yoyote. Basi, atauliza mpingaji, shahada ni ya nini? Jibu limo katika maisha yake mwenyewe. Ujuzi wa Thomas ulikuwa na thamani pale tu Blalock alipokuwepo kuuthibitisha. Kabla ya kuhamia Baltimore mwaka 1941, Blalock alipata nafasi katika hospitali moja ya Detroit ambayo haikuwa tayari kumwajiri mtu Mweusi, na akaikataa. Lau angeikubali, Thomas angebaki Nashville na mikono yake bora, akitafuta kazi ya useremala aliyoianzia. Akiwa Baltimore bado alihudumu vinywaji katika sherehe za bosi wake ili aongeze kipato. Johns Hopkins ilimpa shahada ya heshima mwaka 1976. Anayemtumia Thomas kama ushahidi kwamba karatasi haina kazi anachukua kipaji kilichonusurika kwa bahati na kukifanya kanuni. Wangapi walikuwa na mikono ile ile na hawakumpata Blalock wao?

Pingamizi la pili linatoka kwa manesi, na linahusu mamlaka zaidi ya elimu. Kwa miongo mingi chumba cha upasuaji kiliendeshwa na sista mkuu, na fundi aliyetoka jeshini alionekana kama mvamizi. Marekani ilikuwa na mvutano huo huo: chama cha manesi wa vyumba vya upasuaji kilitoa mwongozo wa kuwafundisha mafundi hao mwaka 1967, na mwaka 1969 mafundi wakapata chama chao, kikiwa bado chini ya mbawa za manesi kabla ya kujitegemea miaka michache baadaye. Hofu ya manesi haikuwa ya kipuuzi. Mwajiri anayependa kupunguza gharama atafurahi kumpata fundi wa bei nafuu mahali pa muuguzi aliyesajiliwa. Ila dawa ya hofu hiyo ni kupandisha mafunzo ya fundi. Kumzuia asisome hakusaidii lolote, kwa kuwa asiyesoma ndiye wa bei nafuu kuliko wote. Majimbo mengi ya Marekani hadi leo hayadai leseni kwa kazi hii, na mwajiri ndiye anayeamua cheti kina uzito gani.

Zaidi ya hayo yote, yupo atakayesema kwamba cheti hakimfanyi mtu asikilizwe. Ni kweli, na ushahidi wake unauma. Mwezi Machi 2005 nchini Uingereza, Elaine Bromiley, mama wa watoto wawili, alilazwa kwa operesheni ndogo ya pua. Njia ya hewa ikagoma. Muuguzi mzoefu alileta vifaa vya kutoboa koo na kusema viko tayari. Mwingine akaulizia kitanda cha wagonjwa mahututi. Madaktari waliendelea kuhangaika na mpira, na mama yule hakuzinduka; alifariki siku kadhaa baadaye. Wasaidizi wale walikuwa na mafunzo na usajili. Kisa hiki kinaipunguza hoja yangu, hakiivunji: kinaonyesha kwamba elimu ya upande mmoja wa meza haitoshi ikiwa upande wa pili haujafundishwa kusikia. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani ilijaribu kuziba pengo hilo kwa kuwataka wote waliomo chumbani wajitaje majina na kazi zao kabla ya kukata. Ilijaribiwa katika hospitali 8 duniani, mojawapo ikiwa Ifakara, Tanzania, na matokeo yaliyochapishwa Januari 2009 yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Mwaka 2014 utafiti wa hospitali 101 za Ontario, Kanada, ambako orodha ililazimishwa kwa amri, haukuona nafuu ya maana. Ninavyosoma mimi matokeo haya mawili, karatasi ile ile iliokoa watu pale wahusika walipofundishwa kuitumia, na ikawa ya kutiwa alama tu pale ilipoletwa kama waraka.

Afrika Mashariki iliirithi sehemu moja ya historia hii na kuikosa nyingine. Dresa wa London alikuwa daktari mtarajiwa. Dresa wa Tanganyika wa miaka ya 1920 alikuwa mwenyeji aliyefundishwa kidogo ili akae zahanati ya kijijini, na ngazi ya kupandia hakuonyeshwa. Baada ya uhuru mambo yalibadilika. Mwaka 1963 Tanganyika ilianzisha mafunzo ya madaktari wasaidizi, ambao kwa miongo wamekuwa wakipasua wazazi katika hospitali za wilaya. Msumbiji ikaanza kufundisha mafundi wa upasuaji mwaka 1984. Na wauguzi wenye kozi ya usingizi ndio wanaolaza sehemu kubwa ya wagonjwa wa eneo hili. Nchi zetu zilithubutu kumpa asiye daktari kisu na dawa ya usingizi, jambo ambalo Uingereza ililiepuka kwa muda mrefu. Lakini mtu wa tatu, anayeandaa mashine, anayetakasa vyombo, anayebonyeza shingo, mara nyingi ameachwa ajifunze kwa kutazama. Wapo wanaosema kwamba kumsomesha huyo ni anasa wakati madaktari wenyewe hawatoshi. Naona kinyume: palipo na mlaza wagonjwa mmoja tu, bila daktari wa usingizi wa kumwita, msaidizi aliyefundishwa ndiye jozi pekee ya mikono atakayoipata.

Tume ya jarida la Lancet kuhusu upasuaji duniani ilikadiria mwaka 2015 kwamba watu bilioni 5 hawana uhakika wa kupata upasuaji salama, na ikaweka lengo la wataalamu 20 kwa kila watu 100,000 ifikapo 2030. Wanaohesabiwa katika lengo hilo ni wapasuaji, madaktari wa usingizi na madaktari wa uzazi. Mchemsha vyombo na mwandaa mashine hawamo katika hesabu, na wizara inayopanga bajeti kwa kufuata lengo hilo haitawaona. Kwa hiyo waziri au mkuu wa mkoa anapokata utepe wa chumba kipya cha upasuaji, mwandishi wa habari aliyepo aulize swali moja zaidi baada ya lile la bei ya mashine: ni nani ataiandaa kesho asubuhi, na amesomea wapi?